Pipa Tupu Si Tupu

Asubuhi ya Jumatatu moja ya Julai, Leontine alikuwa jikoni akikata figili. Alizipanga juu ya mkate wa baba yake, uliopakwa jibini nyeupe. Baba yake, Mzee Domien, alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa uani, fimbo ikiwa mapajani.

Tangu Novemba, kiharusi kilipompiga, upande wa kulia wa mwili wake ulikuwa umelala, na ulimi ulilala nao. Kichwani alikuwa mzima. Alisikia yote na kuelewa yote, ila hakuweza kutamka neno. Alipoulizwa jambo, alijibu kwa fimbo. Akigonga sakafu mara moja, ni ndiyo. Mara mbili, hapana.

Familia hiyo ilikuwa na kiwanda kidogo cha bia nyuma ya nyumba. Kilikuwa na chungu kimoja kikubwa cha shaba na ghala refu lenye giza. Ndani ya ghala mlikuwa na mapipa arobaini ya mwaloni. Mlikuwa pia na pipa moja kubwa la wima, refu kuliko mtu, la kuchanganyia bia. Kwetu bia hupikwa majira ya baridi tu. Ikifika Aprili moto unazimwa, na hauwashwi tena mpaka baridi ya kwanza ya Oktoba. Katika miezi hiyo ya joto, mapipa yaliyomaliza kazi hukaa yakisubiri.

Leontine alikuwa bado na kisu mkononi aliposikia mkokoteni uani. Alikuwa Staf, mwenye kilabu cha pombe karibu na kanisa. Hakusalimia kama kawaida yake. Alishusha kipipa kidogo, akang'oa kizibo, akamwaga bia chini mbele ya mlango. Kuku walikuja mbio wakidhani wamepata chakula. Walinusa, wakageuka, wakaenda zao.

"Hata kuku wako wamekataa, bibie," alisema Staf.

Harufu ilimfikia Leontine pale aliposimama. Bia yetu ni chachu kwa asili yake, kila mtu anajua. Lakini kuna uchachu wa tunda, na kuna uchachu wa siki. Hii ilikuwa siki, na chini ya siki kulikuwa na uvundo wa chumba kilichofungwa miaka. Alibaki na kisu hewani.

Staf alieleza kwa sauti ya chini, kana kwamba mzee hasikii. Jana, baada ya misa, wateja wake walikunywa glasi moja moja, kisha wakaomba maji ya ndimu. Wanaume wa kijiji hiki, Jumapili, wakiomba maji ya ndimu. Staf alisema katika maisha yake hakuwahi kuona jambo kama hilo, na hakulala.

"Baba yako amenipa bia miaka ishirini na sita," alisema. "Oktoba pikeni tena, nitangoja. Lakini mkiniletea kitu kama hiki mara ya pili, nitanunua bia ya mjini. Sipendi, ila nitanunua."

Leontine alijua maana yake. Staf akiondoka, wenye vilabu wengine watamfuata. Chungu cha shaba kitabaki baridi, na kiwanda kilichopita mikono ya watu wanne, kutoka baba hadi mwana, kitafia mikononi mwake. Ilikuwa imebaki miezi mitatu kufika Oktoba.

Mzee Domien aligeuza uso ukutani. Mkate hakuugusa.

Mume wa Leontine aliitwa Odilon. Alikuwa fundi wa reli kabla ya kuoa, mtu mwembamba, msafi, mpenda utani. Mwaka wake wa kwanza katika nyumba hiyo aliingia ghalani na ufagio ili aondoe utando wa buibui. Baba mkwe alimfukuza kwa ufagio huohuo. "Humu ndani msiguse kitu," alimwambia yeye na mkewe. Maana kwetu buibui wa ghalani hawauawi. Wanakula nzi wanaoharibu bia. Na vumbi la paa halifagiliwi, kwa sababu wazee wanasema hamira ya bia yetu inaishi humo.

Basi walitii. Mzee alipougua, Leontine na Odilon walipika bia wenyewe majira yote ya baridi, na hawakugusa kitu. Utando haukuguswa. Vumbi halikuguswa. Na mapipa, yalipomaliza kazi, hayakuguswa pia.

Siku hiyo walikwenda ghalani pamoja. Odilon alibeba kiti cha mzee, akamweka mlangoni penye upepo. Leontine aliwasha taa ya mkono, akang'oa kizibo cha pipa lililokwisha kazi tangu Machi. Aliinama kuchungulia, akaruka nyuma. Ukuta wa ndani ulikuwa umeota ukungu mweupe, mrefu, kama manyoya ya paka mzee. Nzi wadogo walitoka tunduni kama moshi.

Alifungua la pili. Hivyohivyo. La tatu lilikuwa na matope meusi chini.

"Tulijaza bia humu bila kuosha, na watu wameinywa," alisema.

"Tuliambiwa tusiguse kitu," alisema Odilon.

"Tumetii mpaka tumeharibu."

Odilon alivua koti. Alisema ataanza na lile pipa kubwa la wima, kwa kuwa bia yote hupitia humo. Walikuwa wamelimwaga wiki mbili nyuma na kurudisha mfuniko. Chini lilikuwa na mlango mdogo wa mbao, lakini ulikuwa umegandamana na haukufunguka alipouvuta. Hakuhangaika nao. Aliegemeza ngazi, akapanda juu, akaondoa mfuniko. Akashusha ngazi fupi ndani. Mkononi alikuwa na brashi na kipande cha sabuni ya kufulia.

Ndipo mzee alipoanza kugonga. Mara mbili. Kisha mara mbili tena.

Odilon alicheka kutoka juu. "Anatetea buibui wake. Baba mkwe, usiwe na wasiwasi, ndugu zako sitawagusa."

Mara mbili. Mara mbili.

Leontine alimwendea baba yake. Alimuuliza kama ana kiu. Mara mbili. Kama anaumwa. Mara mbili. Kama jua linamchoma. Mara mbili. Macho ya mzee yalikuwa yamemtoka, na jasho lilimshuka shingoni. Leontine hakujua aulize nini tena. Swali moja tu lilibaki, na hilo halikumjia.

"Humu kuna joto," Odilon alisema akiwa ndani. Kisha akasema, "Pua inanichoma."

Brashi ilianguka. Kikafuata kishindo kizito, kama gunia la viazi likitupwa sakafuni.

"Odilon, acha mchezo," alisema Leontine.

Alipanda ngazi haraka, akachungulia. Mume wake alikuwa amelala chini kwenye mashapo, mdomo wazi, mkono mmoja chini ya shavu, kama mtu aliyepitiwa na usingizi baada ya chakula. Leontine hakupiga kelele. Alipandisha mguu mmoja ukingoni ili ashuke.

Mtu alimshika aproni kutoka nyuma na kumvuta kwa nguvu. Kamba ya aproni ikakatika, na Leontine akateleza vidato vitatu chini.

Alikuwa Hortense, jirani yao. Hortense alikuwa mjane wa miaka sitini, fundi wa kuunda mapipa. Mume wake alipokufa alirithi nyundo yake, na watu waliocheka siku hizo sasa walimpelekea mapipa yao. Alikuwa kwake akifunga pete ya chuma aliposikia fimbo ya Domien. Kwa miezi minane sasa alikuwa akisikia fimbo ile ikigonga ndiyo na hapana. Hakuwahi kuisikia ikigonga vile. Alikuja bila kuweka nyundo chini.

"Mume wangu yumo humo," alisema Leontine.

"Najua yumo. Ukiingia, leo tutachimba makaburi mawili. Shika hii ngazi uiondoe."

Hortense alipiga magoti mbele ya mlango mdogo wa chini. Milango hiyo hufunguka kwa kuingia ndani, ili bia yenyewe iibane. Odilon alikuwa ameuvuta. Hortense aliupiga kwa nyundo. Pigo la kwanza, mbao ikalia. Pigo la pili, mlango ukaangukia ndani.

Leontine alikuwa ameiacha taa sakafuni, hatua moja kutoka hapo. Sasa aliiona ikififia. Hakukuwa na upepo. Mwali ulipungua, ukawa kama punje ya ngano, ukazimika. Kitu kilikuwa kimetoka kwenye pipa lile na kupita miguuni mwao, na hakuna aliyekiona.

"Vuta pumzi ukiwa umesimama," Hortense alimwambia. "Uizuie. Kisha inama. Mkono uingie, kichwa kisiingie."

Walishika kifundo kimoja cha mguu, kisha cha pili. Walivuta, wakasimama wavute pumzi, wakainama tena. Mabega yalikwama. Hortense alikunja mkono wa Odilon kama anayekunja shati, wakavuta, akatoka. Walimburuta mpaka uani, kwenye hewa, palepale bia ya Staf ilipomwagwa. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

Leontine alihesabu moyoni. Alifika kumi na moja. Odilon akavuta pumzi moja ndefu yenye sauti mbaya, kama mlango wa zamani ukifunguliwa. Akavuta nyingine. Akatapika. Baadaye akafumbua macho, akatazama anga, kisha mke wake, kisha Hortense.

"Brashi yangu iko wapi?" aliuliza.

Leontine alimpiga kofi la bega, akaanza kulia.

Daktari alikuja kwa baiskeli, akamsikiliza kifua, akatikisa kichwa. Alisema katika wilaya yake amewahi kuitwa mara tatu kwa jambo kama hilo, na mara zote tatu alifika kuandika cheti cha kifo. Mara moja viliandikwa viwili, kwa kuwa ndugu alimfuata ndugu.

Alasiri, Odilon akiwa amejifunika blanketi, Hortense alikaa nao ghalani mlangoni. Leontine alimwomba awaeleze, kwa maana bado hakuelewa. Pipa lilikuwa tupu. Ni nini kilichomwangusha mtu ndani ya pipa tupu?

"Pipa tupu si tupu," alisema Hortense. "Bia inapochachuka hutoa hewa. Ndiyo ile unayoiona ikipanda na povu. Haina rangi. Harufu ya kukuonya haina. Na ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo haipandi. Inatulia chini, kama maji kwenye ndoo. Mashapo yaliyobaki humo bado yalikuwa yanachachuka. Wiki mbili yametoa hewa hiyo, na mfuniko juu. Mume wako hakuingia kwenye pipa. Aliingia kisimani, akazama bila maji."

Odilon alitazama mikono yake.

Hortense alichukua kipande cha mshumaa, akakifunga kwenye waya, akakiwasha. Alimpa Leontine akishushe kwenye tundu la pipa moja lililobaki na mashapo. Mshumaa ulizimika kabla haujafika nusu. Leontine aliuwasha tena, akashusha tena. Ukazimika. Mara ya tatu aliushusha polepole mno, kana kwamba angeweza kulidanganya giza. Ukazimika palepale. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

"Mlango wa chini hufunguliwa kwanza," Hortense aliendelea. "Ufunguliwe, na mfuniko wa juu uondolewe, upite usiku na mchana mzima. Hewa mbaya itajimwaga yenyewe. Mashapo myatoe kwa maji mkiwa nje. Halafu mshumaa, mpaka chini kabisa. Na mshumaa peke yake hautoshi. Anayeingia awe na kamba kiunoni, na mwenzake awe nje, ameishika, wanaongea. Akinyamaza, avutwe. Aliye nje haingii. Hata kama ni mume wake." Alimgeukia mzee. "Domien, si ndivyo ulivyokuwa unafanya?"

Fimbo iligonga mara moja.

"Na kamba nilikuwa nashika mimi," alisema Hortense. "Kila mwaka, alfajiri. Hamkujua?"

Hawakujua. Leontine aliona haya. Alikuwa amezaliwa katika nyumba hiyo, amefanya kazi ya chupa na ya wateja tangu utoto, na hakuwahi kuuliza. Alikumbuka kelele za alfajiri, miezi ya joto. Chuma kikibingirika na kugonga. Alipokuwa mdogo baba yake alimwambia ni bia inajinyoosha, akaamini, akakua, na hakurudi kuuliza tena.

Odilon aliondoka kwenye blanketi, akaja kuketi sakafuni karibu na kiti cha baba mkwe. Hakufanya utani. Mzee alimwekea kichwani mkono wake wa kushoto, ule mzima, akauacha hapo.

Siku iliyofuata Hortense alirudi na buti za mpira. Aliuliza mnyororo wa kusugulia mapipa uko wapi. Leontine alimtazama Odilon. Odilon alitazama kibanda cha mbwa.

Mbwa alikuwa amelala, na shingoni mwake kulikuwa na mnyororo mzuri wa chuma, wenye pingili za pembe nne.

Hortense alimgeukia mzee. "Domien," alisema, "umekuwa ukiuona huo kila siku?" Mara moja. "Tangu Novemba?" Mara moja. "Na hukuweza kusema." Mzee alifumba macho. Kisha bega lake likaanza kutikisika, na walipomtazama vizuri, alikuwa anacheka.

Mbwa alipewa kamba. Mnyororo ulichemshwa.

Kabla ya kuanza, Hortense alizunguka uani. Nyuma ya banda la kuku alikuta sita kati ya yale mapipa arobaini yakiwa juani. Odilon alieleza kwa fahari kidogo kwamba hayo aliyaosha vizuri kwa sabuni mwezi Mei, bila ya mzee kumwona, akayaweka juani yakauke kabisa. Hortense aliligusa moja kwa ncha ya buti. Pete za chuma zilishuka zote pamoja. Pipa likafunguka kama ua, na mbao zake zikalala chini kila upande.

Odilon alishika kichwa. Alikuwa ametembea na kahawa yake mkononi kando ya mapipa hayo kila asubuhi, akijisifu.

"Mbao ya pipa haitaki jua," alisema Hortense. "Ikikauka inasinyaa, pete zinalegea. Na ikikaa na unyevu imefungwa, inaota ukungu. Inataka kivuli, ubaridi, na iinuliwe juu ya magogo, isiguse ardhi. Haya matano yaliyosimama nitayafunga upya. Lakini sabuni, Odilon. Nusa."

Odilon alinusa. Pipa lilinuka kama siku ya kufua.

"Mwaloni unakunywa kila unachoupa," alisema Hortense. "Utakunywesha watu sabuni mpaka Pasaka."

Kazi ilichukua wiki tatu. Hortense aliwaonyesha pipa la kwanza, wakafanya la pili akitazama, na la tatu walifanya peke yao. Maji baridi kwanza, kutoa mashapo. Kisha mnyororo unaingizwa kwenye tundu, na maji yanayochemka, pipa linazibwa na kubingirishwa mbele na nyuma mpaka mikono ichoke. Pingili za pembe nne hukwangua kila mahali. Maji yalitoka meusi, wakarudia. Yakatoka ya kahawia, wakarudia. Yalipotoka maangavu kama yalivyoingia, pipa liliinamishwa, tundu chini, likachuruzika usiku kucha.

Mwisho ilikuja salfa. Kitambaa chembamba kilichochovywa kwenye salfa kilifungwa kwenye waya, kikawashwa, kikateremshwa ndani, na kizibo kikarudishwa. Moshi wake huua ukungu na kuzuia siki. Hortense aliwakataza kuchungulia au kuvuta moshi huo, na milango ya ghala iliachwa wazi. Pipa likikaa bila kazi, aliwaambia, salfa hurudiwa kila baada ya wiki chache. Siku chache kabla ya kulijaza bia, lioshwe kwa maji mengi, kisha lijazwe maji likae siku mbili, mbao ivimbe na ijifunge. Likivuja hapo, limevuja maji. Bia iko salama. Lile pipa kubwa lisiloweza kubingirishwa, baada ya kusuguliwa, walilijaza maji ya chokaa ili lisikauke wala lisiote kitu. Nayo yangesuuzwa mara nyingi kabla ya kazi.

Leontine aliuliza itakuwaje kwa yale yaliyooza sana. Atajuaje lipi limepona?

"Pua," alisema Hortense.

"Pua ya nani? Mimi nilipeleka bia ile kwa Staf na sikusikia kitu."

Wote wawili walimtazama mzee kwa pamoja.

Basi kila pipa lilibingirishwa mpaka kwenye kiti chake. Odilon aliliinua, tundu likaelekea usoni kwa mzee, mashapo na moshi vikiwa vimeshaondoka. Mzee alinusa, akatulia, akanusa tena. Akigonga mara moja, linaingia ghalani. Akigonga mara mbili, linaoshwa upya kwa maji ya moto na magadi. Likirudi na kukataliwa tena, linakwenda kwenye kuni. Watu wa kijiji walikuja kutazama wamesimama getini. Ulimi ulikuwa umekufa, lakini pua ya Domien ilikuwa bado inaendesha kiwanda.

Mapipa manane, likiwamo lile lililofunguka juani, yalikwenda kwenye kuni.

Siku ya mwisho Odilon alileta pipa la zamani kuliko yote. Lilikuwa na alama ya shoka iliyochongwa na babu yake Leontine. Lilikuwa limeoshwa mara mbili. Mzee alinusa. Alikaa nalo muda mrefu, shavu likigusa mbao. Leontine alikuwa na uhakika. Hakuna pipa lililopendwa kama hilo katika nyumba ile.

Fimbo iligonga mara mbili.

"Baba," alisema Leontine, "hili ni la babu."

Mara mbili.

Odilon alibaki amelishika, hajui aliweke wapi. Leontine alimtazama baba yake, na machozi yalikuwa yanamtiririka mzee, na fimbo ilikuwa bado imeinuliwa, tayari kugonga tena kama angeulizwa. Hapo ndipo alipoelewa jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia. Utando wa buibui uliachwa kwa sababu ulikuwa na kazi. Pipa la babu lilikuwa limemaliza yake.

Alichukua shoka mwenyewe.

Oktoba, baridi ya kwanza ilipokuja, chungu cha shaba kiliwashwa. Mapipa thelathini na moja yalikuwa tayari, yamevimba, hayavuji. Buibui walikuwa juu kama kawaida. Lakini pipa lililomwagwa asubuhi lilioshwa siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha jioni, na mnyororo ulirudi kwenye msumari wake. Leontine alikuwa ameandika kwa chaki juu ya msumari: SI WA MBWA.

Julai iliyofuata Staf alikuja na mkokoteni mtupu. Alipewa glasi ya bia changa. Aliitazama kwenye mwanga, akanywa nusu. Leontine alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. Staf alikunywa iliyobaki, akamwaga tone la mwisho chini mbele ya kuku. Kuku walinywa.

"Vipipa vinne," alisema Staf. "Na mwambie mzee kwamba maji ya ndimu yangu yamechacha, hayana mnunuzi."

Siku mbili baadaye ilikuwa zamu ya pipa kubwa. Mlango mpya wa chini, kazi ya mikono ya Hortense, ulikuwa wazi tangu jana asubuhi, na mfuniko wa juu ulikuwa umeegemezwa ukutani. Mashapo yalikuwa yametolewa kwa maji kutoka nje. Odilon alifunga kamba kiunoni, akavuta fundo mara tatu. Leontine alishika upande wa pili, akaizungusha kiganjani. Hortense alisimama nyuma yake, mikono kwenye aproni.

Odilon alishusha mshumaa kwa waya kupitia juu. Ulishuka, ukapita katikati, ukafika chini. Walisubiri. Mwali ulisimama wima, hautikisiki.

Hata hivyo hakuingia. Alishuka ngazi, akaenda mlangoni ambako mzee alikaa, akapiga magoti mbele yake.

"Baba," alisema, "niingie?"

Mzee Domien alitazama kamba. Akamtazama binti yake anayeishika. Akatazama mwanga mdogo uliokuwa ukitoka kwenye mlango wa chini wa pipa.

Akainua fimbo, akagonga mara moja.